Transfoma Hushusha Volti, Lakini Hezi Haiziwezi

Msomaji mmoja anayeishi Houston, Texas, ameandika kwamba yeye na mkewe wanarejea Tanga baada ya kukaa ughaibuni kwa muda mrefu, na kwamba wamepata nafasi katika kontena litakaloshushwa bandari ya Dar es Salaam. Vitu alivyovitaja ni kompyuta mpakato mbili, televisheni, friji ya milango miwili, maikrowevu, jagi la umeme, mashine ya kukaushia nywele, mashine ya kukorogea keki ambayo mkewe anaitegemea kwa biashara, cherehani ya umeme, na kifaa cha kumvutisha mtoto wao dawa ya pumu. Anauliza kipi kitafanya kazi Tanzania na kipi hakitafanya, na kama ni kweli, kama walivyomwambia rafiki zake, kwamba akifunga transfoma moja kubwa kwa ajili ya nyumba nzima atakuwa amemaliza kila kitu.

Ndugu msomaji, hiyo transfoma ya nyumba nzima nakushauri uiache, na sababu zake nitazifikia. Kati ya umeme wa Houston na umeme wa Tanga kuna tofauti tatu, nao watu wengi huzijua mbili tu. Ya kwanza ni umbo la plagi: ya Marekani ina bapa mbili nyembamba zilizo sambamba, na pengine mguu wa tatu wa duara kwa ajili ya ethi, ilhali soketi nyingi za Tanzania ni za mtindo wa Kiingereza wenye bapa tatu nene, na plagi yake ina fyuzi ndani. Ya pili ni volti, ambazo ni 120 huko uliko na 230 huku unakokuja. Ya tatu, ambayo ndiyo inayoua friji za watu, ni masafa ya umeme. Umeme wa majumbani haupiti kuelekea upande mmoja tu bali huenda na kurudi, na mzunguko mmoja kamili wa kwenda na kurudi hutokea mara 60 kwa sekunde Marekani na mara 50 Tanzania, kipimo kinachoitwa hezi. Plagi hutatuliwa kwa adapta ya bei ndogo, volti hutatuliwa kwa transfoma, lakini hezi hazibadilishwi na adapta wala na transfoma, hata transfoma hiyo iwe na ukubwa gani. Orodha yako yote inagawanyika kwa kufuata jambo hilo moja.

Tofauti yenyewe ni ya kihistoria zaidi kuliko ya kisayansi. Marekani ilianza na volti 110 za mfumo wa Edison, kisha kampuni ya Westinghouse ikashika hezi 60. Ujerumani kampuni ya AEG ikashika hezi 50, na shirika la umeme la Berlin likaanza kuhamia volti 220 mwaka 1899 ili waya zilezile ziweze kubeba nguvu zaidi. Afrika Mashariki ikafuata njia ya Ulaya. Japani ndiyo iliyopata tabu zaidi, kwa sababu Tokyo ilinunua mitambo ya AEG mwaka 1895 na Osaka ikanunua ya General Electric mwaka 1896, na hadi leo nchi hiyo moja ina hezi 50 mashariki na hezi 60 magharibi.

Kabla hujafunga boksi lolote, geuza kila kifaa utafute lebo yake. Katika chaja ya kompyuta mpakato lebo hiyo iko upande wa chini wa kile kitofali cheusi, kwa herufi ndogo ambazo mtu wa umri wangu huzisoma kwa kuzipiga picha na kuikuza. Utaona mstari unaosomeka «INPUT 100–240V~ 50/60Hz 1.5A» au unaofanana na huo. Maana yake ni kwamba chaja hiyo inapokea volti yoyote kuanzia 100 hadi 240, na hezi 50 au 60, bila wewe kuigusa. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu haiutumii umeme wa ukutani kama ulivyo: kwanza huugeuza kuwa mkondo wa upande mmoja, kisha huukatakata upya kwa kasi ya maelfu mengi ya mara kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma yake ndogo ya ndani, hivyo hezi za ukutani hupotelea mlangoni. Kifaa chenye lebo ya namna hiyo kinahitaji adapta ya plagi pekee, na usikipitishe kwenye transfoma kwa kudhani unakilinda. Kompyuta zako mbili, chaja za simu na kamera, na mashine nyingi za kusaidia upumuaji usingizini zimo katika kundi hili.

Kuna jambo moja la kuangalia ikiwa una kompyuta ya mezani ya zamani. Baadhi zina kiswichi chekundu nyuma, karibu na mahali pa kuchomeka waya, kilichoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kompyuta kama hiyo haijitambui yenyewe. Ikichomekwa Tanga huku kiswichi kikiwa kwenye 115, saketi ya ndani huzidisha volti mara mbili juu ya zile ambazo tayari zimezidi, kapasita, yaani kile kikopo cha kuhifadhi umeme ndani yake, hupasuka kwa mlio mkubwa, na kinachofuata ni moshi.

Sasa tuje kwenye lebo inayosema «120V 60Hz» pekee, bila kistari cha kuonyesha volti nyingine. Hapo ndipo inapobidi ujue ndani ya kifaa mna nini.

Vifaa vya joto, yaani jagi, pasi, mashine ya kukaushia nywele na vya aina hiyo, havijali hezi hata kidogo, lakini volti vinazijali mno. Joto la waya huongezeka kwa mraba wa volti, kwa hiyo kutoka 120 kwenda 230 haliongezeki mara mbili bali karibu mara 3.7. Chukua jagi lako, ambalo pengine ni la wati 1500. Kwa Houston linavuta ampea 12.5. Ukilichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 litataka kuvuta ampea 24 na kutoa wati zaidi ya 5500, na wala usitegemee fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi ikuokoe papo hapo, kwani mzigo wa ampea 24 inaweza kuuvumilia kwa dakika kadhaa kabla haijakatika. Katika dakika hizo ama waya wa joto utaungua, ama plastiki itaanza kuyeyuka.

Transfoma ingelitatua hilo kwa usahihi kabisa, ila haina faida. Mashine nyingi za nywele za Marekani zimeandikwa wati 1875, na transfoma ya kubeba mzigo huo ni donge la chuma na shaba linaloanzia wati 2000, la kilo nyingi, kwa ajili ya kitu ambacho madukani Kariakoo kinauzwa kwa bei ndogo kuliko transfoma yenyewe. Isitoshe, jagi la volti 230 litakufurahisha zaidi. Soketi ya kawaida ya Marekani ina ukomo wa ampea 15, yaani wati 1800, lakini soketi yetu ya ampea 13 inatoa karibu wati 3000, na ndiyo maana majagi ya huku huchemsha haraka zaidi. Waachie majirani wa Houston jagi na mashine ya nywele, isipokuwa kama mashine hiyo ni ya safari na ina kiswichi cha 125 na 250.

Mashine ya keki na cherehani ni habari nyingine, nazo ndizo ambazo transfoma inazistahili. Nyingi za mashine hizi zina mota ya brashi, ile ambayo mafundi wetu huibadilishia kaboni. Mota ya aina hiyo haifuati hezi. Inazunguka vizuri kwa 50 kama kwa 60, mradi ipewe volti 120 zake. Kuitambua si kazi. Katika mashine nyingi nzito za kukorogea keki utaona vifuniko viwili vidogo vya plastiki vyenye mfereji wa bisibisi, kimoja kila upande wa kichwa cha mashine, na kaboni zimo nyuma yake. Ikiwaka inanguruma kwa sauti ya juu kama drili, tofauti na feni inayovuma kwa upole. Cherehani ya umeme ya nyumbani, yenye pedali ya kukanyagia, kwa kawaida ni ya namna hiyohiyo. Angalia pia taa yake ndogo, kwa maana nayo ni ya volti 120, na ikiungua Tanga hutapata nyingine kwa urahisi. Beba za akiba.

Katika kuchagua transfoma usitazame bei kwanza. Soma wati za mashine, kisha uzidishe. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kuliko ule ulioandikwa, na unga mzito ukiikaza huvuta tena. Kwa hiyo mashine ya keki ya wati 325 mimi ningeipa transfoma ya volti-ampea (kipimo cha transfoma kinachokaribiana na wati) 750 au 1000, na si ya 350 inayolingana nayo kwenye karatasi. Cherehani itatoshelezwa na ya 300. Hakikisha transfoma yenyewe imeandikwa hezi 50 au 50/60, kwa sababu zipo zilizotengenezwa kwa hezi 60 tu, na hizo huku huchemka hata zisipobeba mzigo mkubwa. Tazama pia uwiano wake: iliyoandikwa 220/110 itakupa takriban volti 115 kwenye umeme wa 230, na hilo ni sawa kwa mashine zako. Nyingi ya transfoma hizi zina koili moja iliyotolewa waya katikati badala ya koili mbili zilizotengana, nazo ni nyepesi na za bei nafuu, lakini waya fulani ukikatika ndani volti 230 zote zinaweza kufika kwenye mashine. Kwa mashine inayomlisha mtu, nisingeona uchoyo kununua yenye koili mbili.

Jihadhari na kile kigeuzi chepesi cha wasafiri, cha ukubwa wa kiganja, kilichoandikwa kwa majivuno wati 1600. Hakina chuma ndani. Kazi yake ni kukata vipande vya wimbi la umeme ili pasi au mashine ya nywele isiungue, na wimbi lililokatwa hivyo linaharibu mota na vifaa vya kielektroniki. Uzito ndio utakaokuambia ukweli: transfoma halisi ya wati 1000 huwezi kuichanganya na kitu cha kutia mfukoni.

Friji ndiyo itakayokuumiza roho, kwa kuwa najua bei yake na ukubwa wake. Kompresa ya friji nyingi za kawaida huendeshwa na mota isiyo na brashi, ambayo kasi yake inafuata hezi. Ile inayozunguka karibu mara 1800 kwa dakika kwenye hezi 60 itazunguka karibu mara 1500 kwenye hezi 50, yaani imepoteza sehemu moja katika sita ya kasi yake, na ubaridi unapungua. Hilo peke yake mtu angelivumilia. Baya zaidi liko kwenye chuma cha mota. Koili iliyosukwa kwa volti 120 na hezi 60 imepangiwa volti 2 kwa kila hezi. Ukiipa volti hizohizo 120 kwa hezi 50 inapata 2.4, ongezeko la asilimia 20, chuma kinashiba sumaku kupita kiasi, mkondo unapanda, na kompresa inachemka. Katika hali ya hewa ya Tanga, ambako friji haipati saa nyingi za kupumzika, kompresa hiyo itakwenda miezi au miaka kisha itaungua, na fundi hatapata ya 115 kwa 60 ya kuibadilisha. Baadhi ya friji mpya zina kompresa ya inveta ambayo hugeuza umeme yenyewe, lakini kama lebo yake inasema 120 na 60 pekee, usiipe sifa ambayo mtengenezaji hakuipa.

Maikrowevu ina ugonjwa huohuo kwa njia nyingine. Zile za kawaida zina transfoma nzito ya ndani iliyooanishwa na kapasita kwa hezi 60, na zikipelekwa kwenye 50 hupika kwa nguvu isiyo sahihi na kuchemka. Nyingine hata saa yake inahesabu hezi za ukutani: kila baada ya saa moja itakuonyesha dakika 50 zimepita. Usiilete.

Wapo watakaokuambia kwamba nyumba za Marekani zina volti 240 pia, kwa hiyo mashine kubwa ya kukaushia nguo au jiko la umeme litafaa huku. Ni kweli kwamba zinazo, lakini hizo 240 zinapatikana kati ya waya mbili za moto za volti 120 kila mmoja, huku mota na saa ya mashine ya nguo zikilishwa kati ya waya mmoja wa moto na nyutro. Kwetu kati ya waya wa moto na nyutro ni 230. Mota inakwenda na maji siku ya kwanza.

Kifaa cha mtoto nakuomba ukiweke peke yake mezani. Kama ni kile cha kompresa chenye lebo ya 120 na 60, hata transfoma ikikiwasha, kompresa itakwenda polepole kuliko ilivyopimwa, hewa itapungua, na mvuke wa dawa hautatoka kama daktari alivyokusudia. Hili si jambo la kubahatisha. Nunua kabla ya safari kifaa kidogo cha betri au cha kuchajiwa kwa waya wa simu, au chenye lebo ya 100–240, na mwulize daktari wa mtoto kama aina hiyo inafaa kwa dawa anayotumia. Ukishafika, tafuta pia cha 230 kwa 50 kikae nyumbani kama akiba.

Televisheni, soma lebo. Zipo za 100–240 na zipo nyingi zilizouzwa Marekani zikiwa za 120 tu. Za pili zinaweza kwenda kwa transfoma ndogo. Lakini hata yenye lebo nzuri haitashika matangazo ya antena ya huku, kwa kuwa kipokezi chake ni cha mfumo wa Marekani na Tanzania, tangu ilipoanza kuzima mitambo ya analojia Desemba 2012, hutumia mfumo mwingine wa dijitali. King'amuzi kilichounganishwa kwa waya wa HDMI kwa kawaida kitaiondolea kasoro hiyo.

Narudi kwenye transfoma ya nyumba nzima. Mbali na bei yake na kwamba haitaiokoa friji wala maikrowevu, inakula umeme hata usipowasha kitu. Ikiwa inapoteza wati 20 tu usiku na mchana, ni karibu nusu uniti ya LUKU kila siku bila kazi. Na utakuwa na nyumba yenye aina mbili za umeme ukutani, 120 kwa vitu vya Houston na 230 kwa vile utakavyonunua Tanga, nyumba ambayo mgeni, msaidizi wa kazi au mtoto hawezi kuijua. Bora kila mashine ya 120 iwe na transfoma yake, iwekwe pembeni yake, na izimwe ukutani kazi ikiisha.

Kwa sababu hiyohiyo, usimruhusu fundi akate plagi ya Kimarekani ya mashine ya keki na kuifungia ya bapa tatu. Umbo lile geni ndilo linaloizuia isichomekwe ukutani kwa bahati mbaya. Na jihadhari na zile ekstensheni zenye matundu ya kupokea plagi za kila nchi, ambazo zimejaa kila duka: zinapokea plagi ya Kimarekani vizuri na kuipa volti 230 bila kuuliza. Mimi nisingeziweka jikoni mwa mkeo kabisa.

Kwa kuwa una ndugu wengi, na pwani haikosi mizigo ya Ghuba, nikuongezee haya. Kitu kilichonunuliwa Oman au Dubai kinakuja kikiwa tayari, kwani huko pia ni hezi 50, volti ni 230 au 240, na plagi ni hizi hizi. Cha Saudia kinahitaji jicho zaidi, kwa sababu huko hezi ni 60 ingawa plagi inaingia bila shida. Chenye mota lazima lebo yake iseme 50/60. Nduguyo akiwa Kongo au Burundi, volti na hezi hazina tatizo, ni plagi za miguu ya duara tu zinazohitaji adapta. Vya Japani vilivyotumika ni vya volti 100, na muuzaji anayekupa transfoma ya 110 anakuzidishia wati kwa asilimia 21 au zaidi katika chochote cha joto.

Kuna njia moja ya kweli ya kupata hezi 60 Tanga, nayo ni inveta ya Kimarekani ya volti 120 yenye wimbi safi, ikilishwa na betri za sola au za umeme wa kawaida. Inveta hutengeneza wimbi jipya, kwa hiyo hezi zake ni zake yenyewe na hazitoki kwa TANESCO. Ukipiga hesabu ya inveta yenye uwezo wa kuamsha kompresa, betri zake na chaja yake, pesa hizo zinanunua friji ya volti 230 hapa nyumbani, na chenji inayobaki inanunua kifaa cha kuilinda na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kuiwasha kompresa tena.